Mgeni wa Ofa na Chumba cha Punda

Nyumba niliyofanyia kazi ya mapokezi pale Mkomani, Lamu, ilikuwa na vyumba saba, na kila kimoja tulikipa jina letu wenyewe, mbali na lile lililobandikwa mlangoni. Cha juu kabisa, chini ya paa la makuti, tulikiita Kusi. Upepo uliingia upande huu ukatokea upande wa pili, chandarua kikavimba kama tanga. Cha chini, mkono wa kushoto ukishapita daka, yaani kibaraza cha mlangoni, na tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, tulikiita chumba cha punda. Kilikuwa na dirisha moja, dogo na la juu, lililotazama kichochoro ambamo jirani yetu alikuwa akifunga punda wake wanne kila magharibi. Punda hawalali kama watu wanavyodhani. Saa nane za usiku ataanza mmoja, wa pili amjibu, kisha wote wanne, na sauti ikishapita kwenye kichochoro chenye kuta za mawe huku na huku haina pa kwenda ila ndani.

Mgeni aliyekuja na ofa ya mtandaoni alilala chumba cha punda. Hapakuwa na kanuni iliyoandikwa, wala mwenye nyumba hakuwahi kunitamkia. Nilipoanza kazi mwaka 2013 nilimkuta mwenzangu akifanya hivyo, nikafanya hivyo, na kwa miaka kama minne niliona ni haki tupu: aliyelipa kidogo alale chini. Leo naona tulikosea. Lakini nataka kwanza niitetee hesabu iliyotufikisha pale, kwa sababu wanaoyalalamikia mahoteli mara nyingi hawaijui, na wenye mahoteli wanaona haya kuitaja.

Tuseme chumba kimetangazwa kwa shilingi 8,000 kwa usiku, watu wawili, pamoja na chai ya asubuhi. Tovuti inakubembeleza utoe ofa ya asilimia 30, maana bila ofa jina lako linashuka hadi ukurasa wa tatu, na ukurasa wa tatu ni sawa na kuwa kisiwa cha mbali cha Kiwayu wakati watu wanatafuta chumba Lamu mjini. Bei inakuwa 5,600. Hapo tovuti inakata kamisheni yake, kwa Booking.com, ambayo inatumika sana huku kwetu, kadiria asilimia 15. Zimeondoka 840, zimebaki 4,760. Chai ya asubuhi, yaani mayai, papai, mahamri, mbaazi na kahawa, weka 400 kwa kichwa. Umebaki na 3,960, na hapo bado dobi, maji na umeme.

Sasa mtazame mgeni wa mlangoni. Amevuka na boti kutoka uwanja wa ndege wa Manda, ameshuka gatini, amezunguka na begi lake vichochoro viwili vitatu, ameingia kwako. Umemwambia 8,000, amecheka, amesema 5,000, mmekutana kwenye 6,500. Toa chai ya asubuhi, 5,700 ni za nyumba. Tofauti ya wawili hawa ni shilingi 1,740 kwa usiku mmoja. Wakifika jioni moja, na vyumba vilivyobaki ni viwili tu, Kusi na cha punda, mtu hahitaji kusomea hoteli ili ajue ufunguo upi ni wa nani.

Kamisheni yenyewe si ngeni kwetu. Tangu mahipi walipoanza kushuka Lamu na mikoba yao mgongoni, miaka ya 1970, vijana wa gatini wamekuwa wakiwapokea, wakiwabebea mizigo na kuwapeleka kwenye gesti ambayo nao itawapa chao. Mgeni akiletwa na kijana, bei ilipanda kidogo, na sababu kila mtu aliijua. Nawasikia watu wakisema kwamba tovuti ni kijana wa gatini aliyevaa suti. Nusu yake ni kweli. Lakini cha kijana kilipandishwa juu ya bei, akakilipa mgeni. Cha tovuti kinachotwa ndani ya bei, anakilipa mwenye nyumba, na mwenye nyumba hutafuta pa kukifidia. Halafu kijana wa gatini ana uso. Akimpeleka mgeni kwenye chumba kibovu, kesho asubuhi watakutana pale pale ufukoni, na mgeni atamwaibisha mbele ya wenzake. Kwa hiyo alikuwa akipanda na mgeni hadi chumbani, anafungua bomba mwenyewe, anawasha feni, kisha ananigeukia: “Bwana, hiki hapana. Mpe kile cha juu.” Nimebadilisha chumba mara nyingi kwa ajili ya vijana wa namna hiyo. Sikuwahi kubadilisha chumba kwa ajili ya tovuti.

Mtindo wa mgeni kutaja bei kabla hajajua atalala wapi ulianzia Marekani. Mwaka 1998 Jay Walker alizindua Priceline, na kilichowavuta watu ni mnada uliopinduliwa: badala ya muuzaji kungoja bei ipande, mnunuzi anataja yake. Ulichagua mji, mtaa, idadi ya nyota na tarehe, ukaandika kiasi ulichotaka kutoa, ukaweka namba ya kadi. Ikipatikana hoteli ya daraja hilo iliyokubali, kadi ilikatwa pale pale, na ndipo ulipoambiwa jina la hoteli. Hakukuwa na kubadilisha wala kurudishiwa. Mwigizaji William Shatner akawa anaitangaza kwenye televisheni miaka nenda miaka rudi. Mwaka 2000 wakaja Hotwire, ambao bei walitaja wao lakini jina la hoteli walilificha vile vile.

Mahoteli yaliupenda mtindo huu kwa sababu inayoeleweka na kila mvuvi wa huku. Samaki asiponunuliwa leo unamtia chumvi unamfanya ng'onda. Usiku uliopita na chumba kitupu haukaushwi. Bora upate kidogo. Na kwa kuwa jina la hoteli lilifichwa, yule aliyelipa bei kamili hakujua kwamba jirani yake wa chumba cha pili amelipa nusu.

Asiyejua ni mgeni. Mtu wa mapokezi alijua, kwa sababu kwenye kompyuta yake mgeni yule aliingia na alama ya alikotoka. Tena aliyaona mambo vibaya zaidi kuliko yalivyokuwa. Kwa kawaida hoteli haikuona alicholipa mgeni. Iliona kile ambacho tovuti itailipa hoteli. Mgeni anaweza kuwa ametoa dola 90, hoteli ikaandikiwa 70. Mgeni anaingia kifua mbele, amelipa vizuri. Mapokezi wanamwona mtu wa bei ya kutupa. Kila mmoja anamtazama mwenzake akiwa na namba tofauti kichwani, na hakuna atakayeitaja. Aina ya kitanda haikuwa na uhakika. Pointi za uanachama hakupata. Vyumba vikizidiwa na wageni, yeye alikuwa wa mwanzo kufikiriwa kuhamishiwa hoteli nyingine. Kule chumba cha punda kiko karibu na lifti, au ubavuni mwa mashine ya barafu.

Mnada wenyewe haukufika Lamu. Ulikuwa hasa wa miji mikubwa yenye mahoteli ya kupanga mstari. Kilichotufikia ni wajukuu zake: bei ya wanachama, bei ya siri, bei ya wanaotumia simu, ofa ya dakika za mwisho. Mwaka 2005 Priceline waliinunua kampuni ya Uholanzi iliyokuja kuwa Booking.com, kwa dola milioni 133 hivi, na mwaka 2018 kampuni nzima ikabadilishwa jina na kuitwa Booking Holdings. Mtoto wa kulea akairithi nyumba hadi jina. Biashara ya kamisheni ilikuwa imeushinda mnada, lakini tabia ya mnada, ile ya kumfanya mgeni ajione amewazidi ujanja wenye hoteli, haikwenda popote.

Sasa itazame tabia hiyo ikiingia kwenye nyumba ya Lamu.

Hoteli ya vyumba 300 kwenye mji wa Marekani imechorwa mara moja na mchoraji mmoja. Chumba kibaya na kizuri vinatofautiana kwa kelele na kwa kinachoonekana dirishani. Kitanda ni kile kile, bafu ni lile lile. Nyumba ya Lamu haikuchorwa, imeota. Babu alijenga chini, ghorofa ikaongezwa binti alipoolewa, na ghorofa ya juu ya paa la makuti ikaja watalii walipokuja. Upana wa chumba ni urefu wa boriti ya mkoko, mita mbili na nusu, tatu zikizidi sana, maana mkoko haurefuki kwa ajili ya mtalii. Madirisha huwezi kuyatoboa ovyo, kwa sababu ni mji mkongwe, uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na kuna watu wa kukuuliza. Kwa hiyo katika nyumba moja utapata chumba ambacho ni nusu ya pepo na kingine ambacho mwezi wa tatu, kaskazi ikiisha na mvua haijaja, ni tanuri lenye kitanda.

Kwenye tovuti vyote saba viliitwa “chumba cha watu wawili”. Picha ilikuwa ya Kusi. Ningeshangaa kuona gesti Lamu ambayo picha yake ya kwanza si ya Kusi yake.

Sisi watu wa pwani kupatana bei ni kazi yetu, na wapo wanaosema kwamba tovuti hizi zimetuletea tu mazoea yetu ya sokoni. Siafiki. Alikuwa akija mzee mmoja mfanyabiashara kutoka Mombasa, kila baada ya miezi miwili mitatu. Hakuzungumza bei hata siku moja kabla hajapanda ngazi. “Nionyeshe chumba kwanza, mwanangu.” Anaketi kitandani, anabonyeza godoro kwa ngumi, anainua chandarua kutazama matundu, anafungua bomba na kungoja aone kama maji yatakatika. Siku moja nilikuwa na cha punda peke yake. Akasimama katikati ya chumba, akasikiliza.

“Hapa panalala watu?”

“Kwa bei yake, mzee, hata mimi hulala.”

“Na hao punda nao nawalipia?”

Akashusha 800 kwa ajili ya punda, 200 kila mmoja, na tukacheka sote. Alilala pale siku tatu na hakulalamika, kwa sababu aliyajua aliyoyanunua. Hivyo ndivyo tunavyopatana: chumba kwanza, bei baadaye. Kila kasoro ya chumba inaingia kwenye bei ikiwa wazi, inatajwa kwa mdomo, mara nyingine kwa utani. Mnada wa mtandaoni umeigeuza kanzu ndani nje. Bei kwanza, chumba baadaye. Pengo lililo katikati, lile ambalo mzee yule alilijaza kwa ngumi yake kwenye godoro, limeachwa mikononi mwa mtu wa mapokezi, ambaye mshahara wake haupandi ukipewa Kusi wala haushuki ukipewa punda, na ambaye amefundishwa na mwenzake kwamba mgeni wa rahisi hana bakshishi. (Hili la bakshishi ni uzushi. Aliyeniachia kubwa kuliko wote katika kazi yangu alikuwa binti wa kigeni aliyekuja na ofa, akalala kwa punda siku nne, na siku ya kuondoka akawapigia punda picha.)

Mimi mwenyewe nilikuja kulala chumba cha punda, Malindi. Ilikuwa Mei, masika yamekolea, kuna arusi upande wa mke wangu na nyumba za jamaa zimejaa hadi ukumbini. Nikaona ofa: hoteli ya ufukweni, bei chini ya nusu, pesa hazirudishwi, chumba utapangiwa. Nikalipa kwa simu nikiwa ndani ya basi, tumesimama Garsen watu wanywe chai.

Binti wa mapokezi alinipokea vizuri sana mpaka jina langu lilipotokea kwenye skrini. Uso ule niliujua. Nilikuwa nikiuvaa mimi. Akasema, “Ah, wewe ndiye ile ofa.” Nyuma yake kulikuwa na ubao wa funguo, na kwa mazoea ya kazi nikazihesabu wakati anaandika: funguo 31 zimetundikwa. Akapeleka mkono hadi safu ya chini, ya mwisho kabisa. Chumba kilikuwa nyuma ya jiko, kikitenganishwa na jenereta kwa ukuta mmoja. Umeme ulikatika saa tatu usiku, na jenereta haina hata mapumziko ya punda.

Asubuhi wageni wengine walikuwa na bangili za plastiki za buluu mkononi. Mimi nilikuwa na karatasi. Mpishi wa mayai aliutazama mkono wangu kwanza, kisha uso. Sijui kama ingekuwa vile vile laiti ningekuwa mzungu mwenye karatasi. Ninachojua ni kwamba hoteli za pwani yetu zina historia ndefu ya kumpima Mkenya mara mbili, na ofa inampa mpimaji kisingizio kizuri. Kijana mmoja wa mezani alipoitambua lafudhi yangu ya Kiamu aliinama akaniambia polepole, “Mzee, kwani hukupiga simu? Ungepiga ungepewa bei ya mwenyeji, na chumba cha mbele.” Nikamuuliza ni kiasi gani. Ilizidi niliyolipa kwa shilingi 300.

Mia tatu haikuniuma sana. Ziliniuma zile funguo 31. Maana kama ni hesabu, hesabu ile niliyoitetea mwanzoni ina sharti: vyumba viwe haba. Wawili wanagombea Kusi, basi apewe mwenye faida zaidi. Lakini pale hakukuwa na mgombea. Upande wa mbele ulikuwa umefunguliwa, kulikuwa na wageni wachache wanakaa, mfagiaji anapita na taa zinawaka. Kuniweka huko kusingeigharimu hoteli shilingi moja. Chumba cha mbele kililala kitupu kikitazama bahari, na mimi nikalala na jenereta, na hapakuwa na mtu yeyote duniani aliyefaidika.

Niliporudi Lamu nikavipekua vitabu vyetu vya zamani vya wageni kichwani, na jambo likanikaa vibaya. Sisi tulikuwa tunatoa ofa lini? Wakati wa Maulidi hatutoi. Mfungo sita ukiingia mji unafurika hadi watu wanalala madarini, na chumba cha punda kinauzwa kama Kusi. Desemba, watu wa Nairobi wakishuka, hatutoi. Ofa tulizitoa Mei na Juni, mvua zikinyesha na nusu ya nyumba za Shela, kijiji jirani, zimefungwa. Tulizitoa mwaka 2014, baada ya mauaji ya Mpeketoni, tulipowekewa kafyu. Waliokuwa kazini mwaka 2011, watalii walipotekwa Kiwayu na Manda, wanasimulia yayo hayo. Na baadaye, mwaka 2020, ndege za kimataifa ziliposimamishwa kuanzia Machi hadi Agosti, hata mtu wa kumpa ofa hakuwapo. Yaani ofa inatolewa vyumba vikiwa vitupu, na vyumba vikiwa vitupu hakuna hasara ya kumpa mgeni chumba kizuri. Ule mfano wangu wa wageni wawili na vyumba viwili, jioni moja, ambao nilikuwa nikiwapigia wenzangu kila tukibishana, ulitokea mara chache mno katika miaka yangu yote. Tulikuwa tunawaadhibu watu kwa hesabu ya Desemba katika mwezi wa Mei.

Ndiyo maana sikubali tena hoteli ikisema “umelipa kidogo, ulitarajia nini?” Bei hiyo mgeni hakuiiba. Aliitaja, au aliikuta imetajwa, na hoteli ikaitikia. Ungeweza kukataa. Tovuti za mnada zilikuwa na hilo jema: hoteli ilikuwa na uhuru wa kuacha bei ya kipuuzi ipite. Ukishaitikia, mnakuwa mmepatana, na kwetu mtu aliyeuza kwa bei aliyoikubali halafu akapunja mizani ana jina lake.

Na mizani yenyewe siku hizi ina macho. Booking.com humruhusu kutoa alama mtu aliyeweka nafasi kupitia kwao, si mpita njia. Alama ya mgeni wa 4,000 ina uzito ule ule wa alama ya mgeni wa 8,000. Mgeni wa mlangoni, yule tuliyempa Kusi, hana hata pa kuandikia huko. Sisi tulikuwa tunamchukua mtu pekee mwenye kalamu mkononi, tunamlaza na punda wanne, halafu tunashangaa kwa nini tuna alama 6.9 kati ya 10. Alama zikishuka, jina linashuka. Jina likishuka, tovuti inakushauri uongeze ofa. Ofa ikiongezeka, wanaokuja ni wengi zaidi wa kulala kwa punda. Mwenye nyumba alikuwa akiliita soko limeharibika.

Wapo walioliona hili mapema wakageuza usukani mzima. Najua nyumba ambayo msimamizi aliamuru kila mgeni wa mtandaoni apewe chumba bora kilichopo, juisi ya ukwaju mlangoni, ua la asumini juu ya mto wa kitandani. Alama zikapanda vizuri sana. Aliyelipia asumini ile ni mwalimu mmoja kutoka Garissa, mteja wao wa miaka mingi, aliyekuwa akipiga simu na kusema “ni mimi, niwekeeni chumba.” Hana akaunti, hatoi nyota, halalamiki. Alianza kupewa cha chini. Mara ya tatu hakupiga simu tena, na kwa kuwa hakuandika popote, msimamizi hakujua kwamba amempoteza. Nikilinganisha makosa mawili haya, hili la pili naliona baya zaidi, kwa sababu kumnyanyasa mgeni kunaonekana, na kumzoea mpaka ukamsahau hakuonekani.

Wasimamizi wananiambia kwamba wageni wa ofa ndio wanaolalamika kuliko wote. Ni kweli, niliwaona. Lakini wanalalamika kwa sababu wameiona picha ya Kusi na hawakupewa nafasi ya kubonyeza godoro. Mzee wa Mombasa alilipa pungufu kuliko wengi wao na akalala akakoroma.

Tulichokifanya mwishoni kilikuwa kidogo, na kilichukua wiki nzima ya kubishana na mwenye nyumba. Tulivitenganisha vyumba. Kila kimoja kikawekwa mtandaoni na jina lake, picha yake yenyewe na bei yake. Cha chini tuliandika hivi: kina giza, mchana kina baridi kuliko vyote, usiku hakipati upepo, kiko karibu na msikiti na karibu zaidi na punda. Mwenye nyumba alisema tumekitia msumari wa mwisho. Tukakiwekea 3,500, bila kushusha. Vya juu tukavipandisha, na ofa ikitoka ilitoka kwa chumba kinachojulikana, mtu akijua ananunua nini. Tovuti zilikuwa na kifungu kwenye mkataba cha kutokuuza kwako kwa bei ya chini kuliko kwao. Ulaya kifungu hicho kilipigwa vita kwa miaka, na Booking.com wakakiondoa huko mwaka 2024 sheria mpya ya masoko ya kidijitali ilipowabana. Sisi kwenye simu tulikuwa tunakizunguka kwa chakula: bei ile ile, ila na cha jioni juu yake.

Malalamiko ya kelele yaliisha karibu yote. Alama zilipanda taratibu, si kama za wale wa asumini. Kusi kilikaa kitupu siku nyingi zaidi kuliko tulivyopenda, na mwenye nyumba hakuacha kunikumbusha hilo kila mwisho wa mwezi.

Siku moja ya Juni akaingia kijana na mkoba, maji yanamtiririka, ameshuka kutoka basi la Malindi na boti ya Mokowe. Nikamwambia vyumba vyote vipo, na kwa mvua hii namfungulia hata Kusi kwa bei ya cha kati. Akatoa simu yake iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki, akanionyesha ile picha ya dirisha dogo.

“Mimi nimekuja kwa hiki cha punda. Nafanya kazi usiku kwenye kompyuta, nalala mchana.” Akaangalia tena skrini. “Lakini kaka, 3,500 si nyingi, na umesema mwenyewe kina giza?”

Nikamwambia apande kwanza akakione.